Asali Iliyotiwa Kidole

Mama alipenda kuwaambia majirani kwamba mimi hata nikienda chooni huaga. Hakutia chumvi sana. Tangu utotoni nilikuwa mtu wa kukaa. Wenzangu walipokwenda kutega ndege, nilibaki karibu na moto nikingoja viazi viive. Sekondari niliisoma kwa machozi. Masomo hayakunishinda, ila bweni halikuwa na mama wala jiko. Nilipomaliza nikapewa kazi ya ualimu katika shule ya misheni huku kwetu, sehemu za juu za Embu, ukishapita Kanja, mahali ambapo ningeweza kurudi nyumbani kula mchana. Nikaona Mungu amenisikia, na sikumwomba kitu kingine kwa muda mrefu.

Kwa hiyo habari zilipoenea kwamba nitapanda Mlima Kenya na mzungu, kijiji kizima kilicheka, na kijiji chetu wakati huo hakikuwa na mambo mengi ya kuchekesha. Ilikuwa miaka ya mwisho-mwisho ya Hali ya Hatari, ile tuliyoiita emajensi. Tulikuwa tumeondolewa mashambani kwetu tukapangwa mahali pamoja, nyumba kwa nyumba kama mahindi kwenye mstari, na filimbi ya kafiu ikilia kila mtu awe ndani. Msitu ulifungwa. Kati ya msitu na mashamba palichimbwa mtaro mrefu, mpana, wenye vijiti vilivyochongwa ncha chini yake, na waliouchimba ni sisi wenyewe: mama zetu, dada zetu, na mimi pia wakati wa likizo, kwa jembe la kuazima na mikono iliyozoea chaki. Kuuvuka bila ruhusa ilikuwa ni kutafuta risasi.

Kilichonitoa jikoni ni msichana.

Alikuwa Mmeru, aliyefundisha darasa la kwanza shuleni kwetu. Alikuwa na sauti ndogo na kicheko kikubwa, na tangu siku ya kwanza alinitania kwamba nafundisha nikiwa nimeegemea ukuta kama mtu anayeogopa upepo. Mambo yalipochafuka baba yake akamwita nyumbani Meru. Kuanzia hapo, kati yangu na yeye pakawa na vibali, vizuizi vya barabarani na askari wa kuuliza unakwenda wapi. Mimi, ambaye sikuwahi kwenda popote, nilianza kuona uchungu kwamba siruhusiwi kwenda.

Nikamtumia baba yake neno kwamba namtaka binti. Mzee akajibu kupitia kwa dereva wa lori la viazi: kwao mambo hayaanzi kwa mbuzi wala kwa maneno, yanaanza kwa asali. Asali ya nyumba ya muoaji, kutoka mzinga wa nyumba hiyo. Wakati huo, kwa kuwa msitu ulifungwa, vijana kadhaa walikuwa wamejaribu kupeleka sukari ya dukani. Mzee alikuwa amekwisha kuyasikia hayo.

"Mwambie," alimwambia dereva, "akileta sukari nitamkorogea chai, anywe, arudi kwao."

Tena akaongeza kwamba kuna mwingine aliyekwisha kuulizia. Ana ng'ombe, na mizinga yake iko huko chini kwenye joto, kwenye migunga, ambako hakuna mtaro. Mzee angemngojea mwalimu hadi mavuno ya mtama, basi.

Baba yangu alikufa kabla ya emajensi. Alituachia mizinga miwili ya magogo, yote imetundikwa msituni, kwenye bonde la kijito ambako alinipeleka mara moja nikiwa mdogo, nikilia njia nzima nirudishwe. Basi asali yangu ilikuwa ng'ambo ya mtaro, msichana alikuwa ng'ambo ya kibali, na mimi nilikuwa katikati, nikifundisha kugawanya.

Ndipo mwalimu wetu wa jiografia, kijana wa Kizungu mwembamba mwenye magoti mekundu, akapata ruhusa ya kwenda kuitembelea hifadhi ya mlima. Alitaka kuona mimea ya juu, na ndege, na tembo kama ingewezekana. Akapewa askari wawili wenye bunduki, akaajiri wapagazi, akatafuta mtu wa kumtafsiria. Nikainua mkono. Alinitazama kama mtu aliyeona kiti kinajitolea kutembea.

"Wewe? Wewe napenda mlima?"

"Sana, bwana."

Nikamweleza sharti langu: wakati wa kurudi tupitie bonde la mizinga ya baba. Akakubali upesi. Alikuwa amesoma juu ya ndege anayewaongoza watu kwenye asali, na alitaka kumwona akiwa kazini.

Jioni ya kuaga mama alinitolea kithembe cha baba, kile chombo cha gogo kilichotobolewa katikati na kufunikwa kwa ngozi, akanikabidhi kama mtu anayekabidhi mtoto mchanga kwa mlevi.

"Ukishakijaza, funika, kaza kamba," akasema. "Usikifungue tena. Asikifungue mtu yeyote. Kitafunguliwa na baba wa msichana mbele ya wazee wake. Kikifunguliwa njiani ni sawa na kumvua bibi arusi barabarani."

"Hata kuonja?"

"Utaonja ukishaoa."

Akanivalisha kabuti la baba. Lilinifika kwenye vifundo vya miguu. "Ukipotea," akasema akinifunga vifungo, "kaa papo hapo ulipo. Hilo unaliweza."

Kwenye daraja la mbao la mtaro, homgadi wa zamu, mlinzi wa serikali aliyetoka kwetu, alikuwa wa rika langu. Tulitahiriwa asubuhi moja, maji ya mto mmoja yalitutia ganzi sote wawili, na siku ile alikuwa ameshuhudia kwamba sikulia, jambo linalomshangaza mpaka leo.

"Jamani! Mwalimu wa jikoni! Unakwenda wapi?"

"Kutembea."

"Kutembea wapi?"

"Juu."

Akatazama juu, akanitazama mimi na kabuti. "Mama anajua?"

Wapagazi wakacheka, hata askari mmoja akacheka. Tukavuka.

Nilidhani msitu utanitisha kwa kelele. Ulinitisha kwa kukosa watu. Njia nilizozikumbuka, zile za wanawake wa kuni na wazee wa mizinga, zilikuwa zimemezwa na majani. Katikati ya miti mikubwa tulikuta mashimo ya mabomu yaliyojaa maji ya mvua, na vyura wamehamia humo na jamii zao. Bwana mwalimu, yule mzungu, aliinama kuwatazama vyura. Sisi wengine tulilitazama shimo na kuendelea kutembea.

Juu yetu mbega walirukaruka na mashuka yao meupe, kama wachungaji waliochelewa ibada. Pongo mmoja alitukata njia taratibu, bila haraka, akasimama kutushangaa. Alikuwa amesahau watu wakoje. Kisha tukakutana na mbogo. Alikuwa dume, amesimama kwenye matope katika uwazi mdogo, peke yake, na uso kama wa mtu aliyeamshwa. Askari wa mbele aliinua mkono kuashiria tutulie. Nasikia wengine walitulia. Mimi nilijikuta juu ya mti, na kabuti limeninasa kwenye tawi, nikining'inia kama nguo ya kuanika. Mbogo akaondoka zake. Ilibidi wapagazi wawili wanishushe.

"Mwalimu," mmoja akaniuliza kwa heshima zote, "hilo ulifundishwa sekondari?"

Tembo tuliwaona siku iliyofuata, kabla ya kuingia kwenye mianzi. Walikuwa chini yetu katika bonde, wakilamba udongo wa chumvi. Bwana mwalimu alinishika mkono na kunong'ona jambo la Kiingereza ambalo sikumtafsiria mtu. Bibi yao alikuwa mbele, mashangazi pembeni, watoto katikati wakigombania nafasi chini ya matumbo ya mama zao. Walimaliza kulamba, wakajipanga wenyewe, wakaondoka jamii nzima, shangazi mmoja akimsukuma mtoto mtundu kwa mkonga. Niliwatazama mpaka mkia wa mwisho ukapotea. Nilikuwa nikifikiria wajomba zangu, mmoja hapa, mwingine kizuizini, mwingine kwenye kijiji cha mbali, na jinsi ilivyokuwa miaka mingi tangu nione jamii nzima ikitembea njia moja.

Juu ya mianzi miti inaisha, na mtu wa jikoni anakuwa hana pa kujificha. Nyasi ni za mafungumafungu, kila fungu linataka kuvunja mguu wako. Mimea ya huko haina adabu: kitu kama kabichi kinarefuka kuliko mtu, kingine kinasimama kama nguzo yenye manyoya, na ndege wadogo wa kijani, chozi wenye mikia mirefu, wananing'inia juu yake wakinyonya. Bwana mwalimu alikuwa na furaha kama mtoto wa darasa la kwanza. Mimi kichwa kilinigonga kama mtu anayetaka kutoka. Asubuhi maji ya sufuria yaligeuka kioo, na mpagazi mmoja aliyekuwa wa Kiritiri, kule kwenye joto na mbuzi, alikaa akilitazama sufuria lile kwa chuki.

"Sasa hii," akasema, "hata uji inaogopa."

Siku ya kwenda kwenye theluji niliomba nibaki kulinda vyombo. Bwana mwalimu alisikitika; wapagazi hawakushangaa. Basi wakaondoka na askari, nikabaki na masufuria. Hata juu ya Mlima Kenya nilikuwa nimepata jiko la kubaki nalo.

Nilijisifu kwa muda mfupi. Halafu ukimya ukaja. Si ukimya wa nyumba mama akiwa shambani, ule una kuku ndani yake. Huu haukuwa na kitu. Mawingu yalipita chini ya miguu yangu. Nilitafuta kwetu. Tangu nizaliwe nilikuwa nikisimama mlangoni asubuhi na kuutazama mlima huu. Nikadhani nikiwa mlimani nitauona mlango. Nilipoona kitu, kilikuwa doa moja la kijivu, moshi wa nyumba zote umechanganyika, usiweze kusema huu ni wa mama na huu ni wa jirani. Hivyo ndivyo tulivyopangwa.

Babu yangu aliomba akiuelekea mlima. Mama, ambaye ni wa kanisa, akifumba macho kuomba bado hugeuka upande huo bila kujijua. Nilikuwa nimekaa pale pale walipokuwa wakiyaelekeza maneno yao, na nilikuwa na kabuti la marehemu na masufuria. Nikaona haya, kama mtu aliyeketi kwenye kiti cha mwenyeji. Nikahamia kwenye jiwe jingine.

Pimbi akaja. Ni kanyama kadogo kama sungura asiye na masikio, hakana aibu. Alikaa mbele yangu akitafuna hewa. Nikampa ugali uliolala, nikamsemesha Kiembu. Nilimweleza habari za msichana, na asali, na mwenye ng'ombe wa kule kwenye migunga. Nilimwambia kwamba nikirudi bila asali nitazeeka nikiwa mtoto wa mama, na kwamba jambo la kutisha ni kuwa ningeweza kuzoea. Alisikiliza mpaka ugali ulipokwisha. Waliporudi wenzangu na midomo iliyopasuka na hadithi za theluji, walinikuta nikizungumza, wakakubaliana kwamba mlima umenipiga kichwani.

Tulishuka kupitia bonde la baba. Mzinga wa kwanza tuliukuta chini, umepasuka, na nyayo za tembo zimepita juu ya vipande. Nilisimama hapo kitambo. Askari wakaanza kuangalia jua. Nikapanda kando ya kijito, nikiangalia juu ya kila mti mpaka shingo ikauma, na kwenye mti mmoja mkubwa, juu kuliko nilivyokumbuka, nikauona mzinga wa pili. Ulikuwa umeota kuvu pembeni, lakini alama ya ukoo wetu bado ilisomeka kwenye kifuniko, pale baba alipoichoma kwa chuma cha moto. Na nyuki walikuwa wakiingia na kutoka, wengi, wana haraka zao. Hawakuwa wamesikia habari ya emajensi.

Mtu mwingine hawezi kuurina mzinga wenye alama ya ukoo wako. Hata wapagazi wenye kujua kazi hiyo walikaa mbali na kukunja mikono. Nilipanda mwenyewe jua likianza kulala, na kitita cha kuvu kavu kinachofuka moshi. Sitayaeleza yote. Nilipuliza moshi mwingi machoni mwangu kuliko mwa nyuki. Nyuki mmoja aliingia ndani ya kabuti na kuitembelea hifadhi yote. Kutoka chini nilisikia ushauri.

"Usipige kelele, mwalimu, wanasikia!"

"Wafundishe kugawanya!"

Lakini nilirina. Nilikata masega ya mbele, nikawaachia ya nyuma, kama baba alivyosema siku ile nilipokuwa nikilia nirudishwe, kumbe nilisikia. Asali ilikuwa nyeusi, nzito, yenye harufu ya maua ya kule juu. Nilijaza kithembe, nikafunika kwa ngozi, nikakaza kamba kwa fundo la mama. Sikulamba hata vidole. Nilivifuta kwenye majani. Bwana mwalimu hakumwona ndege wake, lakini alinipa mkono, na mikono yetu ikagandana.

Kesho yake tulifika mtaroni. Jicho langu moja lilikuwa limefunga kabisa na mdomo wa juu umevimba. Yule homgadi wa rika langu alikuwa tena kwenye zamu.

"Mwalimu! Hata uso umeongezeka! Mlima umekulisha vizuri." Kisha akaona kithembe, na kicheko kikamfutika usoni. "Hicho ni nini?"

"Unakiona."

"Fungua."

"Unajua ni cha nini."

"Najua. Kila mtu anajua unaoa Meru."

"Basi unajua hakifunguliwi."

"Najua." Akageuza macho kidogo kuelekea kibandani, ambako mkubwa wake alisimama mikono kiunoni akitutazama. Akashusha sauti, akaingia Kiembu. "Kila kinachotoka msituni kifunguliwe, ndiyo amri. Wamekuta risasi kwenye unga. Nisipofungua, nitaulizwa. Na wewe utaulizwa asali umepewa na nani huko ndani. Unataka kuulizwa?"

Miaka ile hakuna aliyetaka kuulizwa. Watu walikwenda kuulizwa wakarudi bila meno, au hawakurudi.

Bwana mwalimu alitaka kusaidia. "Ni asali tu," akasema kwa Kiswahili chake. "Iko nyingi. Kidole hawezi kumaliza." Alisema kwa moyo mweupe. Nilijaribu kumtafsiria jambo lile na nikaona kwamba Kiingereza changu chote cha sekondari hakina mahali pa kuliweka.

"Nitatumia kimoja," rika langu akasema. "Polepole."

Akafungua fundo. Akatia kidole kirefu mpaka mzizini, akazungusha, akitafuta risasi kwenye asali ya baba yangu. Alipokitoa kilikuwa kinachuruzika, na hakuwa na pa kukifuta. Kaptula ilikuwa ya serikali na mkubwa alikuwa akitazama. Akakilamba. Akafumba macho.

"Ya mzee wako?"

"Ya mzee wangu."

"Nisamehe, ndugu yangu."

Na mimi, kwa mazoea ya kulelewa vizuri, nikajibu: "Karibu."

Mama aliliona fundo kabla sijatua mzigo. "Hili si langu," akasema. Nikamweleza. Akaligeuza fundo huku na huku mpaka nikatamani anipige.

"Alinawa?" hatimaye akauliza.

"Sikumwona akinawa."

Akakaa chini, akalifunga upya, akikaza kwa meno. Kurudi mzingani kusingewezekana. Ruhusa ilikuwa ya bwana mwalimu na ilikuwa imekwisha, na mtama ulikuwa karibu kukatwa. "Utakwenda nayo," akasema. "Na utawaambia kabla hujakaa. Ukishakaa, nakujua."

Desturi ilitaka wajomba wanisindikize na kunisemea, na kithembe kibebwe na wanawake wa kwetu. Mjomba mkubwa alikuwa kizuizini. Wa pili alinyimwa kibali. Wa tatu alipewa, akaogopa kukitumia. Mama aliambiwa hana sababu ya kusafiri. Basi nikapanda lori la viazi peke yangu, kithembe mapajani, jicho moja bado limevimba. Lori lilipopumzika Chuka nilishuka kukinyoosha kiuno, nikiwa nimekivaa kithembe mgongoni kwa ugwe kama wanavyobeba wanawake, kwa sababu sikuthubutu kukiacha. Wanawake wa sokoni wakaniona.

"Mama mwenye ndevu, unampeleka wapi mtoto?"

"Anaolewa yeye, jamani! Mmepata wapi bibi arusi mwenye jicho moja?"

Nikacheka nao. Walipoondoka nilikosa mtu wa kucheka naye, na njia ya Meru ilikuwa na kona nyingi.

Nyumba ya mzee ilikuwa katika kijiji kama chetu, kwenye mstari kama wetu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye blanketi safi. Ndani alikuwa amepanga vigoda kuzunguka ukuta, na hakuna aliyekalia hata kimoja.

"Karibu, mwalimu. Kaa."

"Siwezi kukaa, mzee. Chombo kimefunguliwa."

Akanitazama. "Ni wewe uliyefungua?"

"Homgadi, pale mtaroni."

"Kwa kisu?"

"Kwa kidole."

"Kidole gani?"

Nikamwonyesha.

"Kirefu hicho. Akakilamba?"

"Akakilamba."

"Akasemaje?"

"Aliomba msamaha."

"Na wewe ukasemaje?"

Nilitazama sakafu. "Nikamwambia karibu."

Nyuma ya ukuta wa udongo kikatoka kicheko, kile kikubwa, nilichokuwa sijakisikia tangu aondoke shuleni. Kikakatika upesi, kama aliyeweka mkono mdomoni. Mzee hakucheka.

"Kaa sasa," akasema. Akanyoosha kidole kwenye kigoda cha kwanza. "Hapa angekaa kaka yangu. Yuko kizuizini. Pale, wa rika langu. Alikufia kwenye kuchimba barabara yao. Pale mlangoni, mjomba wa msichana. Huyo ni mzima, ila siku hizi wazee wakikaa pamoja huitwa mkutano, nikamwambia abaki kwake. Na wako wako wapi?"

Nikamweleza.

"Basi tutawasemea," akasema.

Akawasemea. Alikigeukia kila kigoda, akangoja, akaniletea jibu. Kaka yake alikataa. Alikuwa mtu mgumu hata kabla ya kufungwa. Wa rika lake alisema asali ni asali, lakini huyo, mzee alieleza, hajawahi kukataa kitu cha kutia mdomoni. Mjomba alitaka kujua kama ukoo wetu una kichaa. Nikajibu kwa sauti ya mjomba wangu mkubwa, nikikohoa kama yeye, kwamba kichaa hakipo ila kuna mmoja anayependa jiko. Tulikwenda hivyo mchana kutwa, watu wawili tukijaza nyumba, na kila tuliponyamaza vigoda vilionekana vitupu zaidi.

"Wamegawanyika," mzee akasema mwishoni, amechoka. "Na mimi nilimlea huyu mtoto nikijua kwamba ataombwa kwa chombo kilichofungwa." Alikuwa hanitanii tena. Mkono wake ulikuwa juu ya ngozi ya kithembe, na sikujua kama anakivuta au anakisukuma kinirudie. Akamwita binti.

Aliingia, akasimama karibu na mlango. Alikuwa amekonda. Hakunitazama.

"Umesikia," baba yake akasema. "Kimetiwa kidole njiani. Nile, au nikirudishe?"

Alikitazama kithembe. Kisha akasema kwa ile sauti ndogo, taratibu, kama anayesomesha herufi:

"Baba, kwenye kizuizi cha barabara wananipekua kila nikienda zahanati. Wewe unajua wanavyopekua. Kama kilichotiwa mkono kinarudishwa, mimi utanirudisha wapi?"

Mzee hakukigeukia kigoda chochote. Aliinamisha kichwa, nikaona utosi wake tu. Halafu akafungua fundo la mama. Akatia kidole chake mwenyewe, kile kile kirefu, mpaka mzizini, akala.

"Nyeusi," akasema, na sauti yake haikuwa sawa. "Ya juu kabisa."

Akakata jani la mgomba vipande, akaweka asali kidogo kwenye kila kipande na kukitua juu ya kila kigoda. Alianza na wazee wa kwake, kisha akauliza idadi ya wajomba zangu, na kwa kuwa vigoda havikutosha, akawawekea kwenye sakafu safi kando yangu. Tulikula sisi watatu. Wakati wa kuondoa vyombo, msichana aliinama karibu nami.

"Kweli ulipanda mlima?"

"Mpaka kwenye masufuria."

Akajiuma mdomo. Filimbi ya kafiu ikalia, naye akarudi nyuma ya ukuta.

Kibali changu kilikwisha alfajiri. Cha kwake cha kuja Embu kilichelewa sana, mtama ulikatwa, ukapandwa, ukakatwa tena, na miezi yote hiyo nilikaa jikoni kwa mama nikiwa mtu aliyeoa na asiye na mke. Lakini asubuhi ile sikuyajua hayo. Nilipokwenda kuchukua kithembe kitupu, mzee alikuwa amekaa katikati ya vigoda vyake. Asali ilikuwa bado kwenye majani, na sisimizi walikuwa wameipata. Wamejipanga kutoka mlangoni hadi kigoda cha kaka yake. Nikashika ufagio.

"Waache," akasema. "Angalau kuna waliokuja."

Nikauegemeza ufagio ukutani, nikaenda kungoja lori.